Breki za Upande Mmoja

Kwandu alisema hapandi, tena akasema mbele za watu, jambo ambalo mumewe aliliona baya kuliko kule kukataa kwenyewe.

Trekta lilikuwa linaunguruma uani, jembe limenyanyuliwa nyuma, na Bundala amekaa juu ya kiti cha chuma alichokitandika gunia. Mvua za Novemba zilikuwa zimenyesha siku mbili mfululizo, na mashamba ya kule nyuma ya Dutwa yana udongo mweusi usiomngoja mtu. Wateja wawili walikuwa wamekuja wenyewe alfajiri kuwahi foleni, nao wamesimama wameegemea baiskeli zao. Kwandu alikuwa mbele yao, mguu wa kulia umefungwa bendeji iliyokwisha kuwa rangi ya tope, na mikononi ameshika mgogo wa mkwaju.

Mgogo ule ndio uliokuwa breki. Za kiwandani zilikufa misimu miwili iliyopita, na tangu hapo kazi yao aliifanya Kwandu. Alikaa juu ya madigadi ya kushoto, bati linalofunika tairi, mgogo mapajani, na kila trekta lilipotakiwa kusimama mahali penye mteremko, Bundala alipunguza gea, akapiga kelele "Shuka!" naye akaruka, akakimbia sambamba na lile tairi linalompita kimo, akauchomeka mgogo mbele yake. Watoto wa Dutwa walimwita Mama Breki. Ijumaa iliyopita mgogo uliteleza kwenye tope mbele ya ghala la pamba, na tairi likapanda juu ya vidole vyake viwili. Zahanati walimng'oa kucha zilizobaki na kumpa vidonge vya maumivu. Bundala alimsubiri nje mpaka akatoka, na wapita njia wakamsifu kwa kumjali mkewe, wasijue kwamba bila yeye asingeweza kuteremka mlima na trekta lake.

"Panda, tunachelewa," Bundala alisema.

"Sipandi, Baba Precious. Nunua breki."

"Nimekwambia nitanunua tukivuna."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo. Tukavuna, ukaoa."

Wateja walicheka. Mmoja wao, Anatoli, mwenye ekari tano upande wa pili wa Dutwa, alicheka mpaka akashikilia kiti cha baiskeli. Bundala hakucheka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, na trekta lile kuukuu ndilo lililomfanya aitwe mzee na watu waliomzidi umri. Hakuzoea kuchekwa akiwa juu yake.

"Bhebhe, wewe Kwandu, unanivua nguo mbele za watu?"

"Nguo umejivua mwenyewe. Mwenye gari lisilo na breki ni mimi?"

"Haya." Bundala aligeuza shingo kuelekea nyumba ndogo ya pembeni. "Milembe! Njoo hapa!"

Milembe alitoka akifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na mimba ya miezi minne, ambayo kila mtu pale uani aliijua kwa sababu Bundala aliitangaza kabla hata haijaonekana. Aliambiwa apande, akapanda. Alijua anachofanya: madigadi ile ilikuwa mahali pa mke mkubwa kwa misimu miwili, hata kama ni mahali pa kuvunjikia mguu. Alipokwisha kukaa alinyoosha mkono kuupokea mgogo.

"Dada, kazi ya kukaa tu nayo imekushinda?"

Kwandu alimkabidhi. Tusidanganyane, alifurahi. Mwache aonje, alijisemea, mwache akimbie na tairi kwenye tope, aone kama ni kukaa tu. Trekta likatoka uani na wateja nyuma yake, naye akabaki amesimama kwa kisigino. Akaliona tumbo la Milembe likitikisika kila tairi lilipopanda jiwe, na ile furaha ikakatika.

Jioni Milembe alirudi kwa miguu, ametangulia, nguo zimeganda tope upande mmoja kuanzia begani hadi kwenye kisigino. Hakusalimia. Aliingia ndani kwake akafunga mlango. Kwandu alikuwa anakoroga ugali. Nyumba zao hazikuachana hatua kumi, na kupitia ukuta wa matofali mabichi alimsikia akiguna, ile miguno ya mtu anayejizuia.

Alichemsha maji, akayapeleka.

"Tumbo linauma?"

"Halikuhusu."

"Umeanguka mara ngapi?"

Milembe alikuwa amekaa kitandani, mikono amejikumbatia tumboni. "Mara tatu. Kila akitaka nishuke ananiita wewe. Kwandu, shuka! Kwandu, shuka! Hata jina langu halikumbuki." Kisha akakasirika kwa kuwa amesema. "Weka maji hapo uende. Usije ukasema nilikuomba."

"Ungeniomba nisingeleta," Kwandu alimjibu, akatoka.

Hakumpenda Milembe. Hakumpenda tangu siku aliyoletwa na ng'ombe kumi na wawili wakatoka zizini, ng'ombe ambao nusu yao yeye Kwandu ndiye aliyewakamua na kuwatibu. Lakini yule wa tumboni hakuoa wala hakuolewa na mtu. Usiku huo aliangalia dari akapiga hesabu ya choroko zake. Alikuwa na magunia mawili, ya shamba lake mwenyewe, aliyoyaweka kwa ajili ya mahitaji ya mwanawe Precious shuleni. Asubuhi aliyauza yote mawili kwa mchuuzi aliyepita na bajaji ya mizigo.

Fundi Januarius alikuwa na kibanda chake Dutwa, karibu na wanapochaji simu. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwoga wa ugomvi, na ndiye pekee aliyejua matumbo ya trekta lile. Kwandu alimwomba amwandikie kinachohitajika.

"Mzee anajua?" Januarius aliuliza.

"Andika tu, fundi."

Aliandika kwenye kipande cha boksi la sigara: shuu za breki pande zote mbili, sili za mafuta mbili, springi zake. Akamweleza, maana Kwandu aliuliza, kwamba shuu ndizo hubana gurudumu lisimame, na kwamba mafuta ya ekseli yanavuja kupitia sili zilizochoka na kulowesha breki, kwa hiyo hata ukiweka shuu mpya bila sili umetupa hela. Na kwamba breki hubadilishwa pande zote kwa pamoja. Upande mmoja ukishika na mwingine usishike, trekta linajizungusha.

Kwandu alikishika kile kipande cha boksi mkononi njia nzima mpaka Bariadi. Dukani kijana wa kaunta aliwahudumia wanaume watatu waliokuja nyuma yake, halafu ndipo akamwona.

"Mama, huku ni spea. Vitenge mtaa wa pili."

"Nataka shuu za breki za trekta."

"Mwambie mzee aje mwenyewe. Spea siyo nyanya, ukikosea hatupokei kurudisha."

Kwandu aliweka kile kipande juu ya kaunta. Kijana alikisoma, akamwita mwenzake, wakakisoma wote wawili, wakatazamana. "Haya, pedali ngapi?" alimuuliza, kwa sauti ya mwalimu anayemtega mtoto.

"Mbili. Ya kushoto na ya kulia, na kuna komeo la kuziunganisha ukiwa barabarani. Shambani unalifungua ili ukanyage moja, trekta likate kona." Akavuta pumzi. "Na tairi la nyuma likikukanyaga vidole, unang'olewa kucha. Nikuonyeshe?"

Hakuonyesha. Kijana alizileta, naye akalipa, laki mbili na elfu sabini, noti za choroko zilizokunjamana, na kijana akazimulika moja moja kwenye taa kama vile zimeibwa. Alipotoka na lile boksi kichwani alihisi kitu ambacho hakukihisi siku nyingi, akatembea haraka mpaka kidonda kikaanza kutoa damu.

Bundala alilifungua boksi lile kwa kisu. Alitoa shuu moja, akaigeuza, akainusa. Kwa dakika moja hivi uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepata kitu alichokitamani, na Kwandu akadhani ugomvi umekwisha. Halafu mumewe akairudisha ndani taratibu.

"Hela ulitoa wapi?"

"Choroko zangu."

"Zako." Alirudia neno lile kama anayeonja dawa. "Na kesho ukigombana na mimi?"

"Tunagombana kila siku."

"Sijasema hivyo. Ukiondoka. Elia akija hapa na mashahidi wake kuchukua cha dada yake, atafanya nini? Atafungua tairi?"

Kwandu alitaka kucheka ila alimwona hatanii. Alijua neno lile limetoka wapi. Shemeji yake Maduhu, kaka yake Bundala, mkewe wa kwanza alimwezekea nyumba kwa bati alizonunua kwa mpunga wake. Walipoachana, kaka za mwanamke walikuja mchana kweupe na mwenyekiti wa kitongoji, wakapanda juu, wakang'oa bati moja baada ya nyingine huku Maduhu amekaa ndani anatazama mbingu. Tangu hapo Maduhu aliwaonya wanaume wote wa ukoo: mke asiingize hela yake kwenye mali yako, siku moja atakuja kuitoa. Na Bundala alimsikiliza kaka yake kuliko alivyomsikiliza padre.

"Elia yuko Nyashimo na duka lake la dawa za mifugo," Kwandu alisema. "Ana shida gani na trekta lako bovu?"

"Lako bovu! Umesikia? Leo bovu, kesho likipona litakuwa la nani? Dutwa nzima watasema Bundala kafungiwa breki na mkewe." Alifunga boksi. "Breki nitanunua. Mimi. Kwa hela yangu."

"Baba Precious, Milembe ameanguka mara tatu jana. Ana mtoto wako."

"Nimesema nitanunua!"

Na alinunua kweli, kesho yake. Ila hela yake ilitosha za upande mmoja tu.

Januarius alikuja na baiskeli, akalinyanyua trekta kwa jeki na magogo, akafungua tairi la kushoto. Kwandu alimletea uji, akamkuta amechuchumaa mbele ya ngoma ya breki iliyojaa mafuta meusi. Majirani wawili watatu walikuwa wamekuja kutazama, wakaziona shuu mpya zikitolewa kwenye karatasi, wakampongeza Bundala, wakaenda zao. Walipoondoka ndipo fundi alipouliza za kulia ziko wapi.

"Kulia bado ina nyama," Bundala alisema. "Mimi nikilima nakata kona kushoto siku zote. Ya kushoto ndiyo iliyokwisha."

"Mzee, kulia imelowa mafuta. Haishiki chochote. Na mama si alishaleta za pande zote? Nilimwandikia mwenyewe."

"Hizo zipo. Hazihusiki."

Januarius alimtazama Kwandu, halafu akautazama uji. "Shambani hutaona tabu," alisema kwa sauti ya chini. "Ila barabarani, mzee, kwenye ule mteremko wa kwenda Dutwa, ukizifunga pedali pamoja ukakanyaga, la kushoto litashika, la kulia litaendelea. Litakutupa kushoto, kwenye korongo. Mtu akiwa amekaa juu ya madigadi ya kushoto..." Hakumaliza.

"Nimeendesha trekta miaka ishirini."

"Ndiyo, mzee."

"Basi funga."

"Fundi," Kwandu alisema, "usifunge. Mwambie bila za pande zote hufungi."

Ilikuwa saa ya Januarius kuwa mwanaume, na alijua. Alikishika kile kikombe kwa mikono yote miwili. Lakini Bundala alikuwa mteja wake wa miaka tisa, na kibanda chake kilikuwa juu ya kiwanja cha Maduhu. "Mama, mimi ni fundi tu," alisema. Akamaliza uji, akafunga.

Kwandu aliingia ndani kulitafuta boksi lake. Halikuwepo. Alitafuta stoo, juu ya magunia, nyuma ya mtungi, uvunguni mwa kitanda, mpaka akakaa chini akatukana kwa Kisukuma maneno ambayo mama yake angempigia kofi.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba la Anatoli, upande wa pili wa Dutwa, yaani kuteremka mlima. Trekta liliwaka. Bundala alikanyaga breki mara mbili pale uani, polepole, likasimama, na majirani wakapiga makofi. Alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Milembe, panda."

"Si breki zipo?" Milembe aliuliza.

"Zipo. Panda tu, kwa tahadhari."

Hapo ndipo Kwandu alipojua kwamba mumewe alimsikia fundi vizuri, neno kwa neno. Anajua. Anajua, na bado anaita mtu wa kukaa palepale. Milembe alikwisha kuweka mguu kwenye kipandio, mgogo kwapani. Kwandu alimdaka kanga kwa nyuma akamvuta, wakaanguka wote wawili matopeni.

"Una wazimu?"

"Hupandi! Leo hupandi!"

"Niachie! Wivu utakuua, mwanamke!" Milembe alimpiga kiwiko cha mdomo. "Ulikataa mwenyewe, sasa unataka nini?"

"Leo trekta hili linaanguka! Unasikia? Linaanguka leo!"

Alilisema kwa nguvu zake zote, damu mdomoni, kilemba kimemdondoka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi na kwa kutolala. Majirani walisimama kwenye uzio, wengine na watoto mgongoni, wakacheka kwanza, halafu wakaacha kucheka. Mtu alisema, "Mayu, mama yangu, anatabiri." Kwandu hakusikia. Alimkalia Milembe miguuni kama anayezuia mbuzi asikate kamba, naye Milembe akampiga, akamkwaruza, akalia kwa hasira.

Bundala hakuteremka. Aliwatazama wake zake wawili matopeni, akatazama uzio uliojaa watu, akatema mate. "Kaeni hapo mpigane mpaka jioni," alisema. Akaingiza gea akaondoka peke yake, Anatoli akimfuata kwa baiskeli.

Ilipita kama nusu saa hivi Anatoli akarudi mbio bila baiskeli.

Trekta lilikuwa limejizungusha kabla ya kalvati, lile daraja dogo la korongoni. Bundala aliliona kundi la mbuzi linavuka chini mlimani, akakanyaga breki kwa miguu yake yote kama mtu yeyote angefanya, na trekta likageuka kushoto kwa ghafla, likatumbukia korongoni kwa ubavu. Madigadi ya kushoto ilikuwa imebanwa kati ya tairi na ukuta wa mawe wa kalvati, bapa kama sinia. Yeye mwenyewe alirushwa upande wa pili. Alikuwa amelala kwenye majani, mguu mmoja umepinda mahali ambapo mguu haupindi, anapumua kwa kelele.

Kwandu alifika akichechemea, Milembe mbele yake. Watu walikuwa wameshajaa. Maduhu alikuwepo, amepiga goti pembeni ya mdogo wake. Na Januarius alikuwepo, amesimama mbali kidogo, kofia mkononi. Kwandu alipiga magoti amshike mumewe kichwa, ila Bundala alifumbua macho akamwona.

"Mtoeni," alisema. "Mtoeni huyu. Mwulizeni alijuaje."

Watu walimtazama Kwandu.

"Alisema linaanguka leo," Anatoli alisema, polepole, kama mtu anayejisikiliza. "Mimi mwenyewe nilimsikia. Alisema leo. Na akamtoa mwenzake."

"Nilijua kwa sababu fundi alisema!" Kwandu alisimama. "Breki za upande mmoja zinatupa trekta. Alisema jana mbele yangu na mbele yake! Januarius, si ulisema? Sema!"

Wote walimgeukia Januarius. Aliitazama kofia yake. Kama angesema ndiyo, ni yeye aliyefunga breki za kumuua mtu, tena akijua. "Mimi," alisema, "nilifunga nilicholetewa."

"Breki ni mpya," Maduhu alisema, akisimama. Alikuwa na sauti ya kikao. "Watu waliziona zikitoka kwenye karatasi. Jana zimefungwa, leo asubuhi trekta linasimama uani watu wanapiga makofi. Breki mpya zinamwangushaje mtu?"

"Za upande mmoja! Za pande zote mbili nilinunua mimi, alizikataa! Ziko kwenye boksi!"

"Boksi liko wapi?"

"Alilificha. Sijui." Kwandu aliona nyuso zinavyofunga, moja baada ya nyingine, nyuso za watu aliowakopesha chumvi. Akamtafuta Milembe kwa macho. Milembe alikuwa amesimama mbele ya ile madigadi iliyobanwa, mkono mmoja tumboni, anaitazama. "Milembe. Unalijua lile boksi? Waambie."

Milembe alimtazama Maduhu, kisha akaitazama tena madigadi.

"Mimi boksi sijaliona," Milembe alisema.

Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma. Maduhu aliagiza bajaji ya mizigo ije imchukue mgonjwa, akasema wazee wakutane jioni, na alipokuwa anasema jioni hakumtazama Kwandu hata kidogo. Bundala alipakiwa akipiga yowe. Kwandu alipokwenda kushika ukingo wa bajaji, vijana wawili walisimama kati yake na bajaji, hawakumgusa, walisimama tu.

Hakurudi nyumbani. Alikuwa na umri wa kutosha kujua jioni ya wazee inaishia wapi kwa mwanamke mwenye miaka arobaini na sita, macho mekundu, na neno alilolisema mbele ya mashahidi thelathini. Aliwahi kukaa kikao kama kile, zamani, upande wa wanaonyamaza, na yule mama aliyeitwa mchawi hakuonekana tena. Alitembea mpaka barabara ya lami, akakaa juu ya jiwe kungoja gari la Lamadi, ili kutoka huko aende kwa Elia. Mkononi hakuwa na kitu, hata nauli. Alifikiri ataomba.

Jua lilikuwa kali tayari Milembe alipotokea, anakimbia, anatazama nyuma. Alisimama hatua tatu kutoka kwake kama mtu anayeogopa kuambukizwa, akamrushia noti ya elfu kumi iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Nenda, dada. Usingoje jioni."

Kwandu hakuiokota. "Boksi uliliona."

"Liko chini ya kitanda changu. Aliliweka juzi, akasema ni takataka zako." Milembe alikuwa analia bila kujifuta. "Ningekuwa pale. Nimeiona ile madigadi. Mimi na huyu, tungekuwa pale."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nani angenisikia? Wangesema umenifundisha. Tungekuwa wawili hapa barabarani." Alitazama tena nyuma. "Wewe una Elia. Mimi kwetu, ng'ombe wa mahari yangu hawapo, kaka yangu ameshawaolea mke. Nikirudi nitapokelewa na nani?"

Gari lilionekana mbali, limewasha taa mchana. Kwandu aliokota kitambaa, akakifungua, akaitoa noti, akamrudishia kitambaa chake. Alikuwa na hasira naye, na hasira ile haikumzuia kuelewa kila neno alilosema.

"Precious akifunga shule asije hapa," alisema. "Mpigie simu mwalimu wake, Apolonia. Mwambie aende Nyashimo."

"Nitampigia."

"Na wewe, ulichokijua kaa nacho kimya vizuri, kama ulivyokaa leo. Siku nyingine watamtafuta tena aliyejua, na mimi sitakuwepo."

Gari likasimama, konda akafungua mlango, na Kwandu akapanda akitanguliza mguu mzima.